Mgongo wa Muuguzi: Namna ya Kumhudumia Mgonjwa Bila Kuumia

Mtu wa kilo 70 aliyelala hajiwezi, mguu wake mmoja tu una uzito wa kama kilo 11. Ukifungwa plasta ya POP unazidi hapo. Muuguzi huunyanyua na kuushikilia ili mwenzake asafishe kidonda, mikono imenyooka mbele na kiuno kimeinama, dakika kadhaa, kisha wanahamia kitanda cha pili na cha tatu. Wodini hakuna anayeuita mguu ule mzigo. Kuli wa bandarini akilalamika kiuno, watu humwelewa mara moja. Muuguzi akilalamika huulizwa kama amenenepa, kama godoro lake ni bovu, au kama amesahau alichofundishwa chuoni.

Makala haya yanawahusu wauguzi, wakunga, wahudumu wa wodi, wanaotunza wazee majumbani hapa na ughaibuni, na ndugu anayemuuguza mzazi aliyepata kiharusi. Ningependa wote washike jambo moja: maumivu haya hayatokani na uvivu wala ulegevu wa mwili. Yanatokana na kubeba kwa mikono, siku baada ya siku, mwili wa binadamu mwenzako, na mgongo haumudu kazi hiyo hata ukiifanya kwa ustadi. Mengi ya yaliyo hapa chini yanafundisha namna ya kumhamisha mgonjwa bila kumbeba.

Kinachoumia ni nini

Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski, kitu chenye ukuta mgumu wa nyuzi na ndani yake ute mzito. Diski mbili za chini kabisa, pale kiunoni, ndizo huumia zaidi. Ukisimama wima uzito hushuka sawasawa. Ukiinama, misuli ya mgongo hulazimika kuvuta kwa nguvu kubwa ili usianguke kifudifudi, na mvuto huo wote huzibana diski. Alf Nachemson, daktari wa mifupa wa Sweden, alianza katika miaka ya 1960 kupima jambo hili kwa kuingiza sindano yenye kipimo ndani ya diski za watu hai. Alionyesha kwamba shinikizo hupanda mtu anapoinama mbele, na hupanda zaidi akiwa ameshika kitu mikononi.

Unaweza kulihisi mwenyewe nyumbani. Shika kidumu cha lita tatu za maji kikiwa kimegusa kifua chako, halafu kisogeze taratibu mbali na mwili hadi mikono ikaribie kunyooka. Maji ni yale yale, lakini kiuno kitakuambia uzito umeongezeka. Sasa fikiria mgonjwa aliyelala katikati ya kitanda kipana huku wewe umesimama pembeni: kila unapomshika, umemshika ukiwa mbali naye. Ukijipinda ili kumsukumia kwa mwenzako, ukuta wa diski unakamuliwa upande mmoja. Hapo ndipo nyufa huanza.

Ubaya ni kwamba nyufa hizo hazisemi. Sehemu ya ndani ya diski yenye afya haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo madhara hujilimbikiza bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana utawasikia wauguzi wakisimulia kwamba kiuno kiliwakamata walipoinama kuokota kalamu, au kufunga kamba ya kiatu. Kalamu ilikuta kazi imekwisha kufanywa na zamu za miaka.

Kiuno si peke yake. Kuvuta wagonjwa kwa mikono iliyonyooka huumiza bega, hasa kano zinazopita juu ya kiungo chake. Mkunga anayesubiri kichwa cha mtoto akiwa ameinama juu ya kitanda kifupi, shingo imekunjwa, huondoka na maumivu ya shingo na mgongo wa juu ingawa hakubeba chochote. Kukaa katika mkao mmoja usio mzuri kwa muda mrefu ni mzigo pia, kwa sababu msuli uliokazwa bila kulegezwa haupati damu ya kutosha.

"Kunja magoti, nyoosha mgongo" haitoshi

Kanuni hii sote tumeisikia. Imetokana na kubeba masanduku, na kwa sanduku inafaa: sanduku lina pembe za kushika, limetulia na halina woga. Mgonjwa ana jasho, ana dripu mkononi na mpira wa mkojo, na akihisi anaanguka atakukamata shingoni kwa nguvu zake zote. Tena huwezi kukunja magoti ukamkumbatia karibu na kifua wakati ubavu wa kitanda uko kati yenu.

Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ilipoisahihisha hesabu yake ya kubeba mizigo mwaka 1991, ilikadiria kwamba hata katika mazingira bora kabisa mtu asibebeshwe zaidi ya kilo 23. Mwaka 2007 mtafiti wake, Thomas Waters, aliandika katika jarida la wauguzi wa Marekani kwamba kwa wagonjwa kiwango kishuke hadi kama kilo 16, na hapo ni kama mgonjwa anaelewa maelekezo, ametulia, na yuko karibu na mwili wako. Zaidi ya hapo kitumike kifaa. Kilo 16 ni uzito wa mtoto wa miaka minne hivi. Mtu mzima yeyote aliyelala kitandani amekipita kiwango hicho mbali sana.

Wengi hujibu kwamba wakisaidiana wawili mambo huwa mepesi. Mwaka 1999 William Marras na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walipima mgandamizo wa uti wa mgongo wa watu waliokuwa wakimhamisha mgonjwa kwa mbinu mbalimbali. Wawili walipunguza mzigo, lakini hatari ilibaki kubwa. Na ukiyafikiria mazingira ya kazi utaona ni kwa nini: wawili hawavuti kwa wakati mmoja, hawalingani urefu, na mgonjwa humwegemea mmoja zaidi ya mwingine.

Kwa sababu hizo nchi kadhaa zimeacha kutegemea mafunzo ya kubeba peke yake. Kanuni za Uingereza za mwaka 1992 zinamtaka mwajiri kwanza aondoe kazi ya kubeba kwa mikono yenye hatari pale inapowezekana, ndipo afikirie namna ya kuipunguza. Huko Victoria, Australia, chama cha wauguzi kilianzisha mwaka 1998 sera ya kutobeba wagonjwa kwa mikono. Nchini Marekani, Texas ilipitisha sheria kuhusu jambo hili mwaka 2005, Washington 2006 na California 2011. Wapo Wakenya na Watanzania wengi wanaotunza wazee na wagonjwa katika majimbo hayo. Ikiwa wewe ni mmoja wao, uliza siku ya kwanza kazini mashine ya kunyanyulia wagonjwa iko wapi na nani atakufundisha kuitumia. Usikubali kushawishiwa kutumia mikono kwa kuwa mashine inachelewesha zamu.

Katika wodi zetu nyingi mashine hiyo haipo. Bado mengi yanawezekana.

Kabla hujamgusa mgonjwa

Anza kwa kumuuliza anachoweza. Hatua hii hurukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa mgongo zaidi. Mgonjwa wa kiharusi aliyepooza upande wa kushoto bado ana mguu wa kulia unaoweza kusukuma. Mama aliyefanyiwa upasuaji anaweza kujigeuza mwenyewe akielekezwa ashikilie wapi. "Mzee, huu mguu unaweza kuukunja? Basi ukunje, ukanyage kitanda. Nikisema tatu, sukuma." Nusu ya uzito imekwisha kuondoka, na mzee amejisikia mtu anayejisaidia.

Kisha tazama kitanda. Kama kina mpini wa kuzungusha miguuni, kipandishe hadi usawa wa nyonga zako. Mpini ukiwa umeharibika, uandikwe kwenye daftari la matengenezo leo, na uulizwe tena wiki ijayo. Kitanda kisichopanda huwainamisha watu wote wa zamu zote, kwa hiyo fundi wa hospitali anayekitengeneza analinda migongo mingi kwa spana moja. Funga breki za magurudumu. Kama breki zimekufa, sukumia kitanda ukutani. Ondoa kilicho njiani: kiti cha mwenye mgonjwa, ndoo, nyaya, kandambili. Na wewe mwenyewe usifanye kazi hii ukiwa umevaa kandambili.

Hospitali inaweza kwenda hatua moja mbele bila gharama yoyote: mgonjwa anapolazwa, mstari mmoja uandikwe kwenye faili lake na kwenye ubao wa kichwani unaosema anahamishwa vipi. Kwa mfano, "anasimama mwenyewe, mtu mmoja asimame karibu", au "hajiwezi, watu watatu na shuka la kutelezesha". Anayeingia zamu ya usiku hatalazimika kubahatisha.

Kumsogeza juu kitandani

Kazi hii hurudiwa mara nyingi kuliko nyingine yoyote, kwa sababu kichwa cha kitanda kikiinuliwa mgonjwa huteremka kuelekea miguuni. Desturi ni watu wawili kuingiza mikono chini ya makwapa na kumvuta. Acha desturi hiyo. Inaumiza mabega yenu, na kwa mgonjwa aliyepooza inaweza kulichomoa bega lake mahali pake.

Tazama kwanza kilicho chini yake. Vitanda vyetu vingi huwekwa makintoshi, ile shuka ya mpira inayozuia mkojo usifike kwenye godoro. Mpira hung'ang'ania. Ukimvuta mgonjwa juu ya makintoshi yenye unyevu unapambana na uzito wake na mnato wa mpira kwa pamoja, na ngozi yake ya makalio inachubuka. Vidonda vya mgandamizo huanzia huko.

Kinachohitajika ni kitambaa kinachoteleza chenyewe kwa chenyewe. Vipo vya kiwandani, lakini fundi cherehani anaweza kukushonea kwa bitana, kile kitambaa kinachowekwa ndani ya koti la suti. Nunua cha nailoni kilicho imara, kishonwe kama gunia lisilo na kitako, wazi pande zote mbili, upana wa kutosha kutoka mabegani hadi mapajani, mshono wa mara mbili. Kila mgonjwa awe na chake, au kifuliwe kabla ya kwenda kwa mwingine. Kikague kila mara. Kikianza kufumuka, kiwekwe kando.

Utaratibu ni huu. Kilaze kitanda kiwe tambarare, kama hali ya mgonjwa inaruhusu. Mwenye shida ya kupumua hatavumilia kulala hivyo muda mrefu, kwa hiyo andaeni kila kitu kwanza. Ondoa mto na uusimamishe kwenye ubao wa kichwani, kichwa kisije kugonga. Mgeuze mgonjwa ubavu: mkono wake wa mbali uvuke kifua kuja kwako, goti la mbali likunjwe, kisha weka kiganja kimoja nyuma ya bega na kingine nyuma ya nyonga, umviringishe kuja upande wako. Goti lililokunjwa hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mwenzako ataingiza bitana nyuma ya mgongo, ikiwa imekunjwa nusu, na mkimgeuza upande wa pili mtaivuta itandazike.

Sasa simameni mkiwa mmeelekea kichwani, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kila mmoja amekamata tabaka la juu la kitambaa, mkono mmoja usawa wa bega la mgonjwa na mwingine usawa wa nyonga. Viwiko viwe karibu na mbavu zenu. Mgonjwa akunje magoti kama anaweza na kidevu kishuke kifuani. Mmoja tu ahesabu. Kwenye tatu, hamisheni uzito wa miili yenu kutoka mguu wa nyuma kwenda mguu wa mbele, na mikono ibaki kama kamba tu. Mtahisi mgonjwa akiteleza. Msimnyanyue, hata kidogo, maana mkinyanyua mmerudi kule kule tulikokimbia.

Mkimaliza, toeni kitambaa. Mgonjwa asiachwe peke yake juu yake hata dakika moja, kwani kile kilichomtelezesha juu kinaweza kumtelezesha hadi sakafuni. Kisidondoke chini pia.

Kutoka kitandani hadi kitini

Mgonjwa akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, miguu ikiwa imekanyaga chini, hasa kama amelala kwa siku kadhaa. Kizunguzungu humpata mtu anapoketi, na ni afadhali kimpate akiwa amekaa. Kiti cha magurudumu kiwe upande wake wenye nguvu, kimegeuzwa kidogo kuelekea kitanda, breki zimefungwa, vikanyagio vimekunjwa au kuondolewa.

Mtu hawezi kusimama bila kuinamisha kifua mbele. Jaribu wewe mwenyewe kwenye kiti ukiwa umenyoosha mgongo, utaona. Kwa hiyo mwelekeze: asogee ukingoni, arudishe miguu nyuma kidogo, ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, asukume kitanda kwa mikono. Mikono yake isikae shingoni mwako. Mgonjwa anapenda kushika shingo kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, lakini magoti yakimlegea, uzito wake wote utaning'inia kwenye pingili zako. Mwambie kwa upole, "Mama, nishike kwenye viwiko." Mkanda mpana wenye vishikio uliofungwa kiunoni mwake ni bora zaidi, ila usimfunge mtu aliyepasuliwa tumbo au mjamzito.

Kama hawezi kukanyaga kwa miguu yote miwili, huyo si wa kusimamishwa na mtu mmoja. Subiri wenzako, au tumia ubao laini wa kumtelezeshea kutoka kitanda hadi kiti, vyote vikiwa usawa mmoja. Kuita msaada na kusubiri dakika kumi kunakera pale wodi inapokuwa na watu wengi na wauguzi wachache. Najua hilo. Lakini muuguzi aliyeumia hukosekana kwa wiki nzima, na wenzake ndio hubeba pengo lake.

Mgonjwa anapoanguka

Silika inakuambia umdake. Usimdake. Mwili unaoanguka una kasi, na kuudaka ndiko kunakowaangusha wawili. Kama uko nyuma yake, panua miguu, mwache ateleze taratibu kwenye paja lako hadi sakafuni huku ukikilinda kichwa. Akishafika chini hatari ya haraka imepita. Mchunguze kwanza: maumivu ya nyonga au shingo, mguu uliopinda au kufupika, fahamu. Ukishuku mfupa umevunjika, asisogezwe hadi msaada ufike.

Akiwa mzima, mpe muda apumue. Leta viti viwili. Ajiviringishe ubavu, apige magoti, aweke mikono juu ya kiti cha kwanza, akanyage mguu wenye nguvu, asukume ainuke. Kiti cha pili kinaingizwa nyuma yake. Wewe kazi yako ni kuelekeza na kushikilia viti.

Nyumbani, mgonjwa akiwa kwenye godoro lililobonyea

Sehemu kubwa ya uuguzi katika nchi zetu hufanywa na mke, binti, au mjukuu aliyeletwa kutoka kijijini kwa kazi hiyo. Hakupewa mafunzo, na hana zamu ya kumpokea mtu. Nyumbani vitanda huwa vifupi, na godoro lililobonyea katikati humfanya mgonjwa azame shimoni, kila kumgeuza kukawa ni kumtoa bondeni. Kitanda cha kamba iliyolegea ndicho kibaya kuliko vyote. Kaza kamba, au weka ubao chini ya godoro. Seremala anaweza kutengeneza vigingi vyenye mashimo ambamo miguu ya kitanda itaingia na kusimama imara, kitanda kipande hadi usawa wa nyonga za mwenye kuuguza. Usitumie tofali lililowekwa tu chini ya mguu, litasogea.

Kama mgonjwa analala chini, mwenye kuuguza asiiname akiwa amesimama. Apige goti moja, au yote mawili juu ya mto. Kuogesha kitandani kufanywe kwa beseni lililowekwa juu ya stuli, ili asiwe anainama na kujipinda kila anaposuuza kitambaa. Maji yaletwe kwa vidumu viwili vidogo, kimoja kila mkono, badala ya ndoo moja kubwa. Na mgonjwa anayeweza kukaa aogeshwe kwenye kiti cha plastiki bafuni, ni rahisi kwa wote wawili na heshima yake inabaki.

Familia zipange zamu. Binti mmoja asiachiwe baba kwa mwaka mzima kwa sababu tu yeye hajaolewa.

Ukishaumia

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, kwa hiyo hauko peke yako. Maumivu mengi ya ghafla hupungua sana ndani ya wiki chache. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii, huchelewesha kupona. Tembea kidogo kidogo ndani ya kiasi unachoweza, badilisha mkao mara kwa mara, kanda kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa khanga. Kuchuliwa taratibu hakuna ubaya. Kumwambia mtoto akukanyage mgongoni kuna ubaya, acha.

Kuhusu dawa, jihadhari na sindano za diklofenaki zinazochomwa kila kiuno kinapouma. Wauguzi huzipata kwa urahisi, hata kwa kuchomana wenyewe zamu ikiisha. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, zikitumika mara kwa mara huumiza tumbo na figo na kupandisha presha. Zitumike kwa siku chache, kwa ushauri, na mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, presha au ujauzito azungumze na daktari kwanza.

Mikanda ya kiuno inauzwa karibu kila duka kubwa la dawa. NIOSH ilisema mwaka 1994 kwamba haipendekezi mikanda hiyo kwa ajili ya kuwakinga wafanyakazi wasioumwa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 hauipendekezi kama tiba ya kawaida ya maumivu sugu ya kiuno. Mwongozo huo unaunga mkono elimu na mazoezi yaliyopangwa. Muone mtaalamu wa fiziotherapia mapema, usisubiri mwaka upite. Wengi wetu tunafanya kazi jengo moja naye na hatujawahi kugonga mlango wake.

Yapo mambo yasiyosubiri. Ukipata ganzi sehemu za siri au sehemu inayokalia kiti, ukishindwa kukojoa au mkojo na haja kubwa vikitoka bila kujijua, au miguu ikazidi kuishiwa nguvu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mishipa ya fahamu ya chini inabanwa, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu. Muone daktari haraka pia kama maumivu yameambatana na homa, kukonda bila sababu, au uliwahi kutibiwa saratani.

Iandikwe

Maumivu yasiyoandikwa hayapo mbele ya sheria. Siku ile ile uliyoumia, mjulishe inchaji wa wodi, na tukio liingizwe kwenye kitabu cha matukio: tarehe, saa, kitanda namba ngapi, ulikuwa unafanya nini, nani alikuwepo. Piga picha ukurasa huo. Ukienda kutibiwa mwambie daktari kwamba uliumia kazini, na hakikisha ameandika hivyo. Cheti kinachosema tu "maumivu ya kiuno" hakitakusaidia sana baadaye.

Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Unawahusu watumishi wa umma na wa sekta binafsi, hospitali za mashirika ya dini zikiwemo. Anayechangia ni mwajiri, na mchango huo haukatwi kwenye mshahara wako. Mfuko hulipia matibabu na hufidia kipato kilichopotea kwa ajali au ugonjwa uliotokana na kazi. Kenya ipo sheria ya fidia ya mwaka 2007, WIBA, na ya usalama na afya kazini ya mwaka huo huo. Kote muda wa kutoa taarifa una ukomo, kwa hiyo usikae na fomu mkobani ukingoja uone kama utapona.

Muuguzi mjamzito ana kinga zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na ikibaki miezi miwili kujifungua hapaswi kupangiwa wala kuruhusiwa kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kuhamisha wagonjwa wasiojiweza ni kazi ya hatari kwa mjamzito, maana tumbo humlazimisha kushika mzigo mbali zaidi na viungo vyake vimelegea. Apangiwe kliniki, dawa, au kumbukumbu. Anayerudi baada ya kuumia naye aanzie huko huko, na inchaji amwandikie kwenye ratiba ya zamu ni kazi zipi hatakiwi kufanya na hadi tarehe ngapi, ili anayeshika zamu inayofuata asimuite kusaidia kubeba.